Ndege wa Miguu Mitatu

Kanamkemer, Lodwar
16 Januari 2012

KUH: KUJULIANA HALI

Mkwe wangu Mama Nyaluak,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Ejok? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, ambalo limenisumbua tangu gari la ofisi litutupe mtaroni mwaka wa 2004. Wewe hujambo? Mgongo? Macho? Jua la huko Kakuma lina huruma kidogo, au ni hili hili la huku?

Nimeona nikuandikie. Najua huna simu, lakini hata ungekuwa nayo ningeandika tu. Nimekuwa karani wa masjala miaka thelathini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzipa namba na kuziweka kwenye faili lake, na nakuambia, jambo ambalo halijaandikwa ni kama halijatokea. Kwa hiyo nimekufungulia faili. Ni la kijani. Hii ni folio namba moja.

Tangu Levis wangu na Nyaluak wako waondoke Novemba kwenda Kanada kwenye barafu, nimekuwa nikikufikiria sana. Nilisema moyoni, mimi nina mji, nina kanisa, nina ofisi. Yule mama wa kambini ana nani? Binti mmoja tu, naye amepanda ndege. Usione haya, mama. Upweke wa uzeeni humpata mtu yeyote, hata mwenye heshima zake.

Mimi nilistaafu juzi mwisho wa Desemba lakini sijapata hata nafasi ya kukohoa. Saa mbili kamili asubuhi niko ofisini. Ndiyo, ofisini! Msichana aliyechukua nafasi yangu, Chepngetich, ni mtoto mzuri lakini anaweka barua za visima kwenye faili la mifugo. Nisipopita pale kila siku Turkana yote itapotea. Nimekuandikia ratiba ya kustaafu kwa taipureta yangu, imo humu. Ifuate utaona faida.

Levis anataka nirudi Ugenya, kwenye nyumba aliyojenga karibu na shemeji yangu Morgan. Yawa! Niliondoka Ugenya 1979. Niliowajua wako makaburini, na waliobaki wananijua kama picha ya ukutani. Nikae barazani nihesabu kuku wa Morgan mpaka siku yangu ifike? Amenipa muda hadi Desemba ya mwaka ujao nimwonyeshe kwamba siishi peke yangu, la sivyo Morgan atakuja kunichukua na gari. Hilo si tatizo. Nina watu wengi.

Lotiir mwenye pikapu atakuletea barua hii pamoja na chupa ya kuhifadhi chai. Najua huna.

Mkwe wako,
Mama Levis
(Sellah Omollo, Karani wa Masjala, Mstaafu)


Kakuma
20 Februari 2012

Mama Levis,

Male, hiyo ni salamu yetu. Ejok, hiyo ya Waturkana. Bwana asifiwe. Mimi Nyakim, mama ya Nyaluak, niko mzima. Mgongo uko. Macho yako, mbali naona vizuri, karibu ndio shida. Goti lako vipi? Paka mafuta ya simsim ya moto, halafu wacha kulitajataja. Goti likisikia jina lake linauma zaidi.

(Mama, mimi naitwa Déo, mwalimu wa zamani kutoka Uvira, jirani yake. Yeye hajui kuandika, anasema na mimi naandika. Naandika vile anasema, ila pale ukali unazidi naupunguza.)

Asante kwa chupa ya chai. Sasa ziko nne. Moja naweka sindano.

Ratiba nilisomewa. Imeandikwa saa nane mchana ni "kupumzika na kutafakari". Nitafakari nini saa nane na jua hii? Nilimwambia Déo asome tena, tukacheka. (Mimi sikucheka sana.)

Mimi niko na kazi. Tuko wanawake kumi na moja, wote wazee. Tunashona milaya, yale mashuka ya kutarizi kwa mkono, maua na ndege, yale kila bibi harusi wetu lazima awe nayo. Tunashona, tunagombana, tunakunywa kahawa, tunashona tena. Nakutumia moja. Nyaluak aliniambia kitanda chako kina blanketi ya serikali. Mama mzima kama wewe! Usione haya, pokea.

Na upweke ukikuzidi, andika. Mimi niko na watu. Wewe uko na mji mzima, halafu unamwandikia mwanamke wa kambi kurasa tatu. Nilishangaa.

Mkwe wako,
Mama Nyaluak
(kwa mkono wa Déo)


Kanamkemer, Lodwar
4 Juni 2012

KUH: RIPOTI YA PILI KUHUSU HALI YA MAMA MKWE WAKO

Mwanangu Levis,

Natumai wewe na Nyaluak hamjambo na barafu imeyeyuka. Mimi sijambo, nina shughuli nyingi.

Kama ulivyoniomba siku ile ya kuwasindikiza, naendelea kumwangalia Mama Nyaluak bila yeye kujua. Hali yake si nzuri. Ni mpweke sana. Anadai ana kikundi cha wanawake kumi na mmoja. Mimi siamini. Lotiir anasema mara ya mwisho alimkuta peke yake akigombana na kuku.

Alinitumia shuka la kutarizi. Maua ni mazuri, sikatai, lakini kuna ndege pale kati mwenye miguu mitatu. Nimehesabu mara nne. Mtu aliyezungukwa na wenzake kumi, hata mmoja asimwambie? Nadhani marafiki hao anawazua kichwani, maskini, kama mtoto anayeongea na mwanasesere.

Chupa yangu ya chai aliidharau.

Pendekezo: aendelee kuonewa huruma. Nitazidi kumwandikia ingawa ni mzigo.

Mama yako


Kakuma
19 Juni 2012

Mama Levis,

Male.

Bahasha ilikuwa na jina langu. Ndani alikuwa Levis. Déo alitaka kusimama katikati, nikamwambia asome mpaka chini.

Ni mkia. Si mguu.

Nyakim

(Mama, leo sikupunguza. Hakukuwa na kitu cha kupunguza. Déo.)


Kanamkemer, Lodwar
25 Juni 2012

KUH: KUOMBA RADHI

Mama Nyaluak mpendwa,

Ejok? Najua hakuna ejok hapo.

Miaka thelathini na miwili sikuwahi kuweka barua kwenye bahasha isiyo yake. Mara moja tu, 1991, na ile pia ilikuwa makosa ya dereva. Siku ile nilikuwa na bahasha mbili mezani, ya Kanada na ya Kakuma, na Lotiir nje anapiga honi utadhani amebeba mgonjwa, kumbe amebeba mbuzi. Levis ndiye aliyepata barua yako. Amenipigia simu kuniuliza ni nani aliyemwambia ana shida ya mgongo.

Nimesoma nakala yangu ya kaboni kutoka juu hadi chini. Nimeona aibu kwenye kila mstari. Nimetandaza milaya yako juu ya meza, nimevaa miwani, nimeona ni mkia kabisa.

Naomba unijibu hata kwa matusi. Déo asipunguze.

Mkwe wako,
Mama Levis


Kakuma
8 Oktoba 2012

Mama Levis,

Male. Ejok. Mimi mzima, mgongo uko palepale.

Barua zako za radhi zimefika saba. Watoto wa jirani wakiona pikapu ya Lotiir wanapiga kelele, "Radhi imefika!" Khalas. Inatosha. Déo amemaliza miwani.

Sikunyamaza kwa hasira tu. Hasira iliisha Julai. Nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu mimi pia niko na ripoti. Nyaluak kabla apande ndege aliniambia: Mama, yule mama wa Levis hana mtu, mwangalie, lakini asijue. Kila mwezi mimi nasema, Déo anaandika, inaenda Kanada. Leo nimemwambia aandike ya mwisho mara mbili, moja ya Nyaluak, moja yako, ili tuwe sawa. Ni hii:

"Binti yangu, mama mkwe wako bado anaenda ofisini. Lotiir anasema yule msichana alimpa kiti miezi mitatu, halafu mkubwa akasema kiti kinatakiwa. Sasa anakaa nje kwenye ngazi na mkoba wake mpaka saa sita. Watu wakiuliza anasema anangoja mtu. Huyo mtu haji. Namhurumia mpaka chakula hakipiti."

(Mimi nilikataa kuandika hii. Akasema atatafuta mwandishi mwingine. Déo.)

Usilie, Mama Levis. Ama lia kidogo, halafu panda gari ya Lotiir uje uhesabu wanawake wangu kwa vidole vyako.

Mkwe wako,
Mama Nyaluak
(kwa mkono wa Déo)


Kanamkemer, Lodwar
12 Novemba 2012

KUH: ZIARA YANGU YA KAKUMA

Mama Nyaluak mpendwa,

Ejok noi! Nimefika salama. Goti limelalamika njia nzima lakini sikulijibu, kama ulivyonifundisha. Mgongo wako unaendeleaje? Nisalimie Déo, ni mtu wa adabu sana kuliko barua zenu.

Ukweli nilishindwa kuusema mbele ya watu, kwa hivyo nauandika. Barua yako ililiza mtu, na si kidogo. Mambo ya ngazi ni kweli. Nilipostaafu nilidhani ofisi itaanguka bila mimi. Haikuanguka. Mama, hilo ndilo lililoniuma kuliko goti. Jioni nikifunga mlango huwa nasema "haya, usiku mwema" kwa sauti, na anayeambiwa ni taipureta. Watu wengi niliokutajia ni mhubiri wa Jumapili na muuza maji.

Sasa kazi. Nimehesabu wanawake wako, wako kumi na wawili. Hukujihesabu wewe. Na yule kuku ni mkorofi kweli, Lotiir alikuwa sahihi.

Lakini uliponiletea karatasi za kikundi ndani ya gunia la unga moyo wangu ulisimama! Barua ya mwaka wa 2007 imefungiwa chumvi! Nimezileta zote huku, nimezipangusa, nimezipanga kwa tarehe. Sasa najua kwa nini mlikataliwa usajili mara tatu na mkakosa nafasi ya kuuza kwenye maonyesho. Mara ya kwanza mlijiita Akina Mama wa Milaya, mara ya pili Wajane wa Amani, mara ya tatu mlisahau kujiita. Mkubwa gani atakubali kikundi ambacho hakijui jina lake?

Nimekubali kuwa karani wenu. Najua hamjaniomba. Nitakuja kila mwisho wa mwezi. Fomu inataka kila mwanachama atie sahihi, na mimi dole gumba sitaki kuliona. Watu wanaoweza kushona bawa la tausi kwa uzi wataniambia hawawezi kuandika majina yao? Déo aanze kuwafundisha.

Tangu nirudi sijaenda kwenye ngazi. Jana Chepngetich alinipigia simu kuniuliza kama naumwa. Nilimwambia nina kazi, na mara hii sikudanganya.

Mkwe wako,
Mama Levis


Kakuma
3 Aprili 2013

Mama Levis,

Male, male! Mimi mzima, wote wazima, kuku pia.

Cheti kimefika. Nilikishika kwa mikono miwili. Halafu Déo akasoma jina. KIKUNDI CHA NDEGE WA MIGUU MITATU. Nani alikuruhusu? Nani?! Nilitaka kuja Lodwar kwa miguu nikupige. (Hapa nimepunguza.) Lakini wale kumi na moja walicheka mpaka kahawa ikamwagika juu ya milaya mpya, na yule mzee Mama Akech, ambaye hajacheka tangu mtoto wake aende, alicheka mpaka tukamshika. Basi nikakubali.

Muhuri nao nimeuona. Umemchora yule ndege. Nilihesabu. Umeweka tatu.

Ni mkia, Mama Levis. Nitakufa nikisema ni mkia.

Juu ya sahihi: N najua. Y najua. A ni rahisi, kama hema. K ndiyo inakataa, inageuka inatazama nyuma. Déo ananipiga na kalamu kwenye kidole kama mimi mtoto, halafu yeye mwenyewe anahuzunika, anasema siku nikijua kuandika yeye atakosa kazi. (Ni kweli nilisema. Déo.)

Lete goti lako mapema mwezi huu. Watu wa maonyesho wanataka mashuka thelathini na mimi sijui kujibu barua zao.

Mkwe wako,
Mama Nyaluak
(kwa mkono wa Déo, ila N na Y ni zake)


Kanamkemer, Lodwar
14 Agosti 2013

KUH: JAMBO LISILO ZURI

Mama Nyaluak mpendwa,

Ejok? Mgongo? Akina mama? Sikuja Julai na hamkujua kwa nini. Nilianguka uani, hapo kwenye tangi la maji. Goti. Nililala chini saa mbili nzima nikitazama mawingu, mpaka muuza maji akaja. Hakuna kilichovunjika. Natembea na fimbo.

Levis amejua. Utaniuliza nani alimwambia. Ni mimi! Nilikuwa naandika ripoti ya robo mwaka, nikafika kwenye kifungu cha afya, mkono ukaandika wenyewe: "Tarehe tisa nilianguka, nikakaa chini saa mbili." Huo ndio ugonjwa wa karani. Nilipokwisha kuitupa bahasha posta ndipo nikajua nimejishtaki.

Amesema imetosha. Kikundi ni kizuri, anasema, lakini kiko Kakuma na mimi niko Lodwar, na anayelala chini uani hasaidiwi na cheti. Morgan atakuja Desemba na canta la kubebea mizigo. Nitarudi Ugenya.

Sitaki. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nimekaa miaka sitini na moja, na miezi hii tisa ndiyo niliyoamka kila asubuhi nikijua kuna mtu ananingoja. Nikifika Ugenya nitakufa kwa heshima, nikiwa nimeshiba kabisa, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza barua iko wapi.

Ndiyo maana nakuomba. Njoo ukae kwangu. Nyumba hii aliyonijengea Levis ina vyumba vitatu. Levis akisikia uko hapa atanyamaza.

Mkwe wako,
Mama Levis


Kakuma
2 Septemba 2013

Mama Levis,

Male. Pole ya goti. Nilisikia moyo ukikatika, halafu nikakasirika. Saa mbili chini na hukuandika kwetu, uliandika Kanada!

Kuja siwezi. Kwanza karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini inatoka ya siku chache tu, wewe unajua kuliko mimi. Lakini hata wakinipa ya miaka kumi, siwezi. Hiyo nyumba alijenga nani? Levis. Levis ni nani? Amemwoa binti yangu. Mama mkwe atalala nyumba ya mkwewe? Kwetu hapana. Kwenu je? Usinidanganye, Nyaluak aliniambia kwenu pia hapana. Nikilala hapo hata usiku mmoja, kizazi chote kitacheka.

Sasa sikia. Ng'ambo ya mto Tarach, Kakuma mjini, kuna nyumba ya kupanga. Nimeiona. Chumba kimoja kikubwa, na baraza ndefu, kivuli mpaka jioni. Wanawake kumi na mbili wanaenea. Si ya Levis. Si ya mtu yeyote tunamjua. Wewe si mkimbizi, wewe hutaki ruhusa ya mtu kutembea. Una miguu miwili na fimbo. Hiyo ni mitatu. Unafaa kabisa kwa kikundi.

Utasema, nitahamiaje, mwanangu alinijengea, watu watasema nini. Hao watu ndio walikuinua pale kwenye tangi?

Mwenye nyumba anangoja jibu. Nimemwambia usiogope, huyo mama hujibu, tena kwa kurasa tatu.

Dada yako,
Nyakim

(Ameandika N, Y, A. Amesema "dada" niandike bila kupunguza. Déo.)


Kakuma mjini
9 Desemba 2013

KUH: KUHAMA, NA YALIYOTOKEA NJIANI

Dada yangu Nyakim,

Ejok? Naona uko mzima, kwa sababu nakusikia ukigombana na Mama Akech juu ya uzi wa kijani. Mimi mzima. Goti sijui, sijalisikia tangu jana.

Utaniuliza kwa nini naandika na uko mwisho wa baraza hii hii, hatua tisa. Ni kwa ajili ya faili. Mwanzo wa safari hukuuona, na mwisho wake faili halikuuona.

Shemeji Morgan alifika Ijumaa na canta, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliniambia maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi tangu Kitale: mila ni mila, mjane wa Omollo hawezi kuzeekea ugenini. Nikamwambia, shemeji, umesema kweli tupu, mila ni mila, pakia. Alishtuka. Alikuwa amejiandaa kwa vita na vita imekataa kuja.

Tukapakia kitanda, kabati, taipureta, mafaili yote. Chepngetich alikuja kuniaga akiwa amebeba kile kiti. Kile kiti changu, Nyakim! Anasema mkubwa amehamishwa na hakuna anayekikalia. Nililia mbele yake bila aibu. Kikapakiwa juu kabisa.

Tulipofika njia panda nikamshika Morgan mkono. Nikamuuliza, shemeji, Levis ameoa kwa watu. Mila inaruhusu mama yake ahame Turkana bila kuaga wakwe? Akafikiri sana. Unamwona alivyo, ni mtu wa mila mpaka kwenye kucha, hilo hawezi kulikubali hata umpige. Akasema hapana, hairuhusu. Nikamwambia, basi Kakuma ni huku. Akasema, na mizigo je? Nikamwambia, na mizigo itaaga.

Yaliyofuata mliyafanya nyinyi. Faili liandike kwamba wanawake kumi na wawili walishusha canta zima huku wakiimba kabla mgeni hajamaliza kikombe cha kwanza. Morgan alipouliza hii ni kuaga kwa aina gani, alipewa kikombe cha pili na milaya ya zawadi. Akaitandaza magotini, akatazama, akasema polepole, "Huyu ndege ana miguu mitatu." Nanyi mkamjibu wote pamoja, mpaka kuku akakimbia. Liandike pia kwamba alimpigia Levis simu, na Levis akamuuliza, "Lakini Mama ana mtu karibu?" Morgan akatazama huku na huku kwenye baraza akamwambia, "Mtu karibu? Mimi mwenyewe nimekosa pa kukaa."

Ameondoka leo asubuhi na canta tupu, kuku wawili wa kwenu na shuka moja. Levis amenipigia. Alicheka, kisha akasema nyumba ya Kanamkemer atapangisha. Nyaluak nyuma yake alikuwa anapiga vigelegele.

Kodi ya hapa nalipa mimi kutoka kwa pensheni yangu. Nyumba si ya Levis, kwa hiyo mama mkwe wake anaweza kulala humu atakavyo. Jana ulilala kitandani kwangu kutoka saa saba hadi saa kumi na ukakoroma. Nimeiandika.

Nina furaha, Nyakim. Sijui neno hilo linaingia kwenye faili gani, sijawahi kupokea barua yake.

Naomba jibu kwa maandishi ili nifunge kumbukumbu hii vizuri.

Dada yako,
Sellah


DADA
NINAKUONA
WACHA KUANDIKA
NJOO CHAI INAPOA
DADA YAKO NYAKIM


(Imepokelewa kwa mkono, bila Déo, 9 Desemba 2013, saa kumi na dakika tano. Folio namba arobaini na moja. Herufi K ziko tano na zote zimetazama mbele. Faili limefungwa. S. O.)